Punda na Ukufi wa Heri

Nianze au niondoke?

— Anza, tumekwisha kaa.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo yote mawili.

Basi moja lisikie hadithi, na la pili lizibeni isitoke. Na wewe uliye pale nyuma na muhogo wako, tafuna polepole, nisije nikashindana na meno yako.

Hapo kale, kale sana, wanyama na watu walipokuwa wakiishi mji mmoja na kugombana kwa lugha moja, palikuwa na mto. Upande wa chini wa mto palikuwa na mji wa Kidundu. Upande wa juu palikuwa na mji wa Mtambani. Na ng'ambo ya mto hapakuwa na mji. Ng'ambo palikuwa na Simba.

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, miji hiyo miwili ilishindana mbio. Kila mji ulitoa mkimbiaji mmoja. Mtambani walimtoa Farasi, na kila mwaka Farasi alishinda. Kidundu walimtoa Ng'ombe, akasimama njiani kula. Mwaka wa pili wakamtoa Mbuzi, akarudi nyuma kubishana na mtu aliyemcheka. Mwaka wa tatu wakakuna vichwa, wakamtoa Punda.

Punda huyu alikuwa wa Bi Mwanajabu, mjane mchota maji. Asubuhi walishuka mtoni pamoja, jioni walipanda kilima pamoja, na mji mzima ulikunywa maji yaliyopanda kwa mgongo wa Punda. Bi Mwanajabu hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Punda, na Punda alikuwa na yeye. Miguu ya Punda ilikuwa imekomaa kwa kile kilima, na siku asipobeba kitu alikwenda kasi hata mbwa wakachoka kumfukuza.

Sasa sikilizeni desturi ya Kidundu, maana bila desturi hii mimi sina hadithi. Alasiri ya kabla ya mbio, kila nyumba ilimpelekea mkimbiaji ukufi wa heri. Ukufi ni kiganja kimoja kilichojaa, mnajua. Huyu analeta pumba, yule majani mabichi, yule punje za mtama. Unatia ndani ya hori la kulishia mkimbiaji, unasema "Heri," unakwenda zako. Na mkimbiaji sharti ale vyote. Akikataa ukufi wa mtu, amemtukana yule mtu, na mama yake, na jiko lao.

Hiyo ni desturi. Sheria nayo ilikuwa moja: mirungi marufuku. Mnaijua mirungi, yale majani wanayotafuna wazee wakitaka kukesha. Atakayekimbia na mirungi mwilini, Kiboko anamvusha mto. Kiboko ndiye alikuwa mwamuzi. Na kuvushwa mto maana yake mnaijua, nimeshawaambia ng'ambo kuna nani.

Mpimaji alikuwa Mzee Kenge. Ulimi wa Kenge una ncha mbili. Ncha ya kwanza inaonja, ncha ya pili inahakikisha. Mshindi akifika, Mzee Kenge humramba jasho nyuma ya sikio, kisha akataja alichokula tangu jana.

Basi alasiri ikafika. Kondoo akapewa kazi ya kulinda hori. Aliambiwa, "Asikaribie mtu wa Mtambani." Kondoo akasema sawa, akasimama.

Akaja fundi Mbaruku, seremala. Mkononi ana ukufi wa pumba, na ndani ya pumba ameficha vichipukizi viwili vya mirungi. Moyoni anasema, "Kidogo tu. Wenzangu wote wataleta pumba tupu. Mimi nitaongeza kidogo, na kidogo hakina neno." Akatia. "Heri," akasema, akaenda zake.

Akaja Mbuzi. Ana ukufi wa majani, na ndani ya majani kuna mirungi. Moyoni anasema, "Kidogo tu. Wenzangu wataleta majani matupu. Mimi nitaongeza kidogo, na kidogo hakina neno." Akatia. "Heri."

Akaja Kunguru. Kunguru huyu ndiye aliyekuwa akipeleka habari za mji. Jambo likitokea saa mbili, yeye anayo habari yake tangu saa moja. Kwenye mdomo ana punje za mtama, na katikati ya punje kuna nini?

— Mirungi.

Na moyoni anasema nini?

— Kidogo tu, kidogo hakina neno.

Naona mmeshawajua watu wa Kidundu. Baada ya Kunguru zikaja nyumba arobaini. Mnataka niwataje wote arobaini?

— La.

Nami sitaki. Kila mmoja alileta ukufi wake, kila mmoja alitia kidogo, na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake. Kondoo aliwatazama wote wakipita. Hakupita mtu wa Mtambani hata mmoja, kwa hiyo Kondoo akaridhika na kazi yake.

Punda akainamisha kichwa, akala. Akasita. "Mama," akamwambia Bi Mwanajabu, "chakula hiki kina uchungu."

Bi Mwanajabu alikuwa amekaa kizingitini akitunga shada la asumini, la kumvisha Punda kesho. Hakuinua uso. "Kula, mwanangu," akasema. "Hayo ni mapenzi ya watu. Usiwaaibishe."

Punda ana adabu. Akala, akaramba na hori. Usiku ule hakufumba hata jicho moja.

Asubuhi watu wakajipanga njia nzima. Kiboko akapiga chafya, maana chafya ya Kiboko ndiyo ilikuwa ishara ya kuanza. Farasi akatoka. Punda akatoka. Farasi alikimbia vizuri, mbio zake zile zile za kila mwaka. Lakini Punda, ndugu zangu, Punda hakukimbia, alirushwa. Macho yamemtoka, povu linamtoka, miguu minne imekuwa minane. Akapita mti wa mwisho, akapita mstari, akampita na Kiboko mwenyewe, akaja kusimama mbali huko kwenye mashamba ya watu.

Kidundu wakapiga vigelegele. "Tumeshinda," akasema fundi Mbaruku. "Tumeshinda," akasema Mbuzi. "Wanasema tumeshinda," akasema Kunguru, akaruka kwenda kuwaambia waliokuwa wameona kwa macho yao.

Hakuna aliyemtazama Punda. Punda alikuwa akitetemeka mwili mzima, na moyo wake ulikuwa ukigonga kama mchi kwenye kinu kitupu. Aliyemtazama ni Farasi peke yake. "Dada," Farasi akamwuliza, "unaumwa?" Punda akasema, "Sijui. Miguu imesimama, lakini kuna kitu ndani kinaendelea kukimbia."

Mzee Kenge akaja polepole, akamramba nyuma ya sikio. Ncha ya kwanza ikaonja. Ncha ya pili ikahakikisha. Kisha akasema, "Pumba. Majani. Mtama." Akaramba tena. "Na mirungi," akasema, "tena mingi. Mtu mzima akila mirungi hii hatalala mpaka mavuno mengine."

Na hapo ndipo mji wa Kidundu ulipogeuka. Asubuhi ilikuwa "tumeshinda." Jua halijafika utosini, imekuwa "amekula." Mnaona lilivyo jepesi neno? Ushindi ulikuwa wa wote. Kosa likawa la Punda.

Kiboko akasema, "Kabla sijavusha mtu, nataka nijue. Kosa ni la nani?"

Kunguru akapanda ufito wa kwanza kati ya fito tatu zilizochomekwa mstarini. "Wanasema ni la Punda mwenyewe," akasema. "Wanasema alipanda mlimani kwa siri akala mirungi kwa tamaa ya sifa. Aliyekula ndiye mwenye kosa."

Watu wakaitikia, wakaanza kuimba, na nyinyi nisaidieni:

Punda, Punda, umekula nini?

Naye Punda akajibu kwa sauti ndogo, huku magoti yakigongana:

Nimekula nilicholishwa,
hori si langu, mkono si wangu,
nimekula nilicholishwa.

Kiboko akakuna tumbo. "Ana neno," akasema. "Huyu hajijazii hori. Basi kosa ni la nani?"

Kunguru akahamia ufito wa pili. "Wanasema ni la Bi Mwanajabu. Wanasema mnyama ni wa kwake, jina ni lake, sifa ni zake. Mwenye mnyama ndiye mwenye kosa."

Wale wale waliokunywa maji yake asubuhi wakamtazama kama mgeni. Mbuzi akasema, "Mimi siku zote nilikuwa na shaka na yule mama. Mtu gani anacheka na punda njiani?" Wakaimba tena. Punda, Punda, umekula nini? Naye Punda akajibu yale yale: nimekula nilicholishwa. Bi Mwanajabu akavua kanga begani, akamfunika Punda aliyekuwa akitoka jasho la baridi. "Sikutia," akasema. "Naapa sikutia." Akasimama kati ya Punda na mto, maana alijua Punda akivushwa, kesho atashuka mtoni peke yake, na keshokutwa, na siku zote.

Kiboko akasema, "Mama huyu namjua tangu ujana wake, hupita mbele ya pua yangu kila siku. Mirungi haijui hata inaota wapi. Kosa ni la nani?"

Kunguru akahamia ufito wa tatu. "Wanasema ni la Kondoo," akasema. "Wanasema mlinzi alilala. Wanasema alihongwa na Mtambani. Mlinzi ndiye mwenye kosa."

"Hapo sasa," watu wakasema. "Mlinzi." Wakafurahi, maana Kondoo hana wa kumtetea. Wakaimba mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, hata Punda akashindwa kujibu. Jua likaanza kushuka. Kiboko akasogea kwenye maji. "Niamue," akasema. "Hatujapata mwingine. Nitamvusha aliyekula na aliyelinda, nimalize."

Bi Mwanajabu akamshika Punda shingo kwa mikono miwili. "Basi tuvushe sote," akasema. "Mimi nirudi nifanye nini?"

Kondoo naye aliposikia atavushwa akaanza kufikiri. Kufikiri kwa Kondoo ni kazi nzito, kunachukua muda. Hakuwa na hila. Hakuwa na maneno. Alikuwa na swali moja tu, akaliuliza kama mtoto anavyouliza.

"Mzee Kenge," akasema, "huo ulimi wako unaonja jasho tu?"

"Hapana," akasema Kenge. "Unaonja chochote."

"Hata mkono?"

"Hata mkono. Hata kwato. Hata mdomo wa ndege."

"Hata mkono ulioshika kitu jana alasiri?"

"Mwanangu," akasema Kenge, "mkono ulioshika mirungi jana, ninauonja mpaka keshokutwa. Labda mwenyewe anawe."

Aa, jamani. Laiti mngekuwepo.

Fundi Mbaruku alikuwa wa kwanza. Alikumbuka ghafla kwamba mikono yake ina vumbi la mbao, akaenda kunawa kwenye mtungi wa maji uliowekwa kwa ajili ya wakimbiaji. Mbuzi akamfuata, ati kwato zimepata joto anazipoza. Mwenye nyumba ya kwanza akaenda, wa pili akaenda, wa tatu akakimbia. Mara watu wanasukumana. Mara mtungi unayumba. Bata anajifanya anaoga. Bwana mmoja mwenye heshima zake ananawa kwa mate. Kunguru naye ametumbukiza mdomo mpaka machoni, miguu iko juu. Kenge hajaramba kiganja hata kimoja, na mji mzima wa Kidundu uko kwenye mtungi mmoja, unanawa.

Waliobaki wakavu walikuwa watatu: Punda, Bi Mwanajabu na Kondoo. Watu wa Mtambani walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko. Farasi alicheka mpaka akakaa chini, na farasi kukaa chini si jambo la kila siku.

Kiboko akatazama. Kisha akamwita Kunguru, naye akaja akichuruzika maji. "Wewe mwenye habari," akasema Kiboko, "wanasema nani aliyetia mirungi?"

Kunguru akatazama fito tatu, akaona amezimaliza. Akatazama chini. "Safari hii hawasemi," akajibu. "Ninasema mimi. Nilitia. Lakini kidogo tu."

"Na mimi kidogo tu," akasema fundi Mbaruku.

"Na mimi kidogo tu," akasema Mbuzi.

"Na mimi," zikasema nyumba arobaini, na kila moja ilipoisikia nyingine ilishangaa, maana kila moja ilidhani imetia peke yake. Wakageuka wakamtazama Punda. Sasa ndipo walipoona anavyotetemeka. Kidogo arobaini na tatu vilikuwa ndani ya moyo mmoja, na nusura viupasue. Mbuzi akalia. Hakuna aliyemcheka.

Bi Mwanajabu akasema, "Nami nina langu. Sikutia, lakini mwanangu aliniambia pana uchungu, nikamwambia kula. Sikuinuka hata kutazama. Nilikuwa natunga maua."

Kiboko akavuta pumzi. "Sheria inasema mwenye mirungi nimvushe. Mgongo wangu huu haubebi mji mzima. Tena Simba atavimbiwa." Akamgeukia Kenge. Kenge akasema, "Jasho halikudanganya. Ushindi ule haupo. Kosa lipo, lakini tumelitafuta kwa aliyekula, kwa mwenye mnyama, kwa mlinzi, na wakati wote lilikuwa linatuimbia wimbo."

Basi ushindi akapewa Farasi. Farasi akaukataa. "Sitaki kushinda kwa ulimi wa Kenge," akasema. "Apumzike, tukimbie tena."

Punda akapewa siku saba. Akasema, "Siku saba hizo sibebi maji." Nani angethubutu kubisha? Siku saba watu wa Kidundu walijichotea wenyewe. Fundi Mbaruku alipanda kilima na mtungi, akafika juu na shingo ya mtungi tu. Mbuzi alifika na nusu ndoo na maneno ndoo mbili. Kunguru alibeba tone moja moja na kulalamika njia nzima. Siku ya nne walianza kumwamkia Punda kila wapitapo.

Alasiri ya kabla ya mbio, desturi haikuvunjwa. Ukufi wa heri ulikuja, lakini kila aliyekuja alifungua kwanza kiganja chake mbele ya Kondoo. Kondoo akanusa, kimoja kimoja, bila haraka. Bi Mwanajabu alikaa kando ya hori, akaonja kila ukufi kabla ya Punda kuonja. Pumba ni kavu na mtama ni mgumu, na meno ya mama yule yalikuwa machache, lakini alionja yote.

Kiboko akapiga chafya. Farasi akatoka. Punda akatoka. Safari hii Punda alikimbia kwa miguu yake minne ile ile ya kilimani. Walikwenda sambamba, wakapita mti wa mwisho sambamba, na kwenye mstari Farasi akatangulia kwa shingo.

Watu wa Kidundu wakatazamana, maana hawajawahi kushindwa bila kuwa na mtu wa kumsema.

Bi Mwanajabu hakuuliza nani ametangulia. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti, akaweka sikio ubavuni mwa Punda. Akasikiliza. Moyo ulikuwa unakwenda kama unavyokwenda kila siku wakifika juu ya kilima, haraka kidogo, kisha taratibu, kisha taratibu zaidi. Akacheka kwa furaha. Akamvisha shada la mshindi, naye si mshindi, wala hakuna aliyemzuia.

Basi funzo lenu ni hili, mlichukue likiwa bado la moto. Jambo likiharibika, usiwe wa kwanza kupanda ufito ukataja jina la mwenzako. Fungua kwanza kiganja chako, ukinuse. Na yule aliyelishwa, kabla hujamwuliza amekula nini, mwulize anaumwa wapi.

Mimi nimefika, nimetua mzigo. Ikiwa hadithi imewakolea, gawaneni mpaka na aliyelala. Ikiwa imepinda, aliyeipinda ni mimi, wala msimtafute mwingine.

— Tumepokea.

Kanaweni mikono, tule.

— Mikono yetu safi.

Tutaona.